Sura ya Sita: Mbona Wanatoka Halafu Wanarudi?

Swali hili huulizwa na watu wa kila namna. Mama ambaye mwanawe ameachiwa kwa mara ya nne huliuliza kwa uchovu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa huliuliza kwa hasira, maana kijana akitoka tu, simu za watu zinaanza kupotea. Askari magereza huliuliza anapompokea mfungwa aliyeagana naye juzi: jina lile lile, kosa lile lile, namba mpya. Mtu amelala sakafuni amebanana na wenzake, amelima shamba la gereza juani, ameapa mbele ya ndugu zake kwamba hatarudia. Miezi miwili baadaye yuko mahabusu. Mbona?

Majibu ya haraka hayakosekani: hasikii, ana moyo mgumu, jela ameigeuza kwao. Wapo wa namna hiyo, siwakatai. Lakini wale wanaorudi upesi na mara kwa mara, wale ambao mitaa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inawajua kwa majina, mara nyingi wana jambo ambalo hukumu haikuliandika. Wana uraibu, au wana ugonjwa wa akili, au vyote viwili, na tiba yao iliishia kwenye lango la gereza, kama iliwahi kuanza. Nasema hivyo tangu sasa ili msomaji ajue ninakoelekea: kurudia kosa kwa watu hawa kuna siku zake na sababu zake, na kitu chenye siku na sababu kinaweza kuzuiwa.

Anatoka kwa mlango upi?

Kwanza tujue mtu anavyotoka gerezani, kwa sababu mlango aliotokea ndio unaoamua kama kuna atakayemfuatilia.

Mlango unaotumika zaidi ni kumaliza kifungo. Mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja ya adhabu, akamaliza theluthi mbili, akakabidhiwa nguo zake na kuambiwa kwaheri. Hadaiwi kitu na mtu, na hakuna anayemuuliza analala wapi usiku huo.

Mlango wa pili ni msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2019, siku ya Uhuru wa Tanganyika, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021, siku ya Muungano, wafungwa 5,001 walinufaika na msamaha wa Rais Samia Suluhu Hassan. Wengi hutoka kwa mkupuo, magazeti yanapiga picha za watu wakibubujikwa na machozi getini, na kesho yake habari imeisha.

Mlango wa tatu ndio parole. Maana yake ni kumruhusu mfungwa atoke kabla ya kifungo kuisha, ili sehemu iliyobaki aimalizie uraiani chini ya uangalizi na kwa masharti. Akivunja masharti, anarudishwa. Tanzania Bara ilitunga sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994; kuna bodi za mikoa na iko Bodi ya Taifa, ambayo tangu 2016 iliongozwa na Augustino Mrema, waziri wa zamani wa mambo ya ndani, aliyefariki Agosti 2022. Kabla ya kumruhusu mtu, bodi huangalia mwenendo wake gerezani, na pia jinsi mtaa wake na aliyemkosea watakavyompokea.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Parole ya Tanzania imewekwa kwa ajili ya wenye vifungo virefu, kuanzia miaka minne, waliokwisha kutumikia theluthi. Waliofungwa kwa ujambazi wa kutumia silaha, biashara ya dawa za kulevya na makosa ya kujamiiana hawahusiki. Sasa mfikirie teja wa Kinondoni, mraibu wa heroini. Yeye hafungwi kwa kuuza unga, maana hana mtaji wa kuuza. Anafungwa miezi sita kwa kuiba betri ya gari, au anakaa rumande kwa uzururaji. Bodi ya Parole haitamwona kamwe. Atatoka kwa mlango wa kwanza, ule usio na mtu upande wa pili, na atautumia mlango huo mara nyingi kuliko mfungwa mwingine yeyote. Uangalizi tuliounda unamfuata aliyefungwa miaka kumi, na anayerudi kila mwaka anapita pembeni yake.

Ziko adhabu za nje zinazoweza kumfikia. Kenya ina probesheni tangu enzi za ukoloni, yaani mtu kuachwa nyumbani chini ya ofisa anayemfuatilia, na mwaka 1998 ikaongeza sheria ya kutumikia jamii. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2002. Hizo ni njia nzuri, na nitazirudia. Ila nazo zinamdai mhusika afike kwa wakati, akumbuke tarehe na ajizuie. Mambo hayo matatu ndiyo ugonjwa wa akili na uraibu hushambulia kwanza.

Uraibu hauishi kwa kufungiwa

Uraibu ni hali ya ubongo kulazimika kutafuta kilevi hata pale mwenyewe anapoona kinamharibia maisha. Neno la kuzingatia hapo ni kulazimika. Mwanzoni mtu huvuta kwa kupenda. Baada ya muda mwili unazoea, dozi ya jana haimtoshi leo, na akikosa anaugua. Heroini, ambayo mitaani inaitwa unga, ilianza kuenea katika miji ya pwani yetu tangu miaka ya 1980 kwa njia ya bahari, na ugonjwa wa kuikosa ukapata jina ambalo kila maskani inalijua: arosto. Miayo, kamasi, jasho la baridi, mifupa inauma kama inavunjwa, tumbo la kuendesha, usingizi hauji. Ukali wake hudumu siku kadhaa hadi wiki. Wengi huipitia kwenye sakafu ya kituo cha polisi, bila hata panado.

Arosto ikiisha, familia hufurahi. Wanasema kijana amekaa miaka miwili bila unga, basi amepona, jela imemsaidia. Ninaelewa kwa nini mzazi anataka kuamini hivyo. Lakini kilichopona ni mwili tu. Ndani ya ubongo uraibu unabaki kama njia ya miguu iliyoota nyasi: kwa juu huioni, chini udongo umeshindiliwa, na watu wakipita mara mbili tatu inafunguka tena. Kinachoifungua ni vitu vidogo. Kona ile ile, rafiki yule yule, ugomvi nyumbani, hata pesa mkononi.

Kuna hatari nyingine ambayo ni kubwa kuliko kurudi jela. Katika ile miaka miwili mwili umesahau kuhimili. Kete ya unga ambayo zamani ilikuwa ya kumwondolea arosto tu, leo inaweza kumzimisha pumzi. Watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, waliwafuatilia watu 30,237 walioachiwa kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza, uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo wa umri na jinsia kama zao. Kwa vifo vya kuzidisha dawa peke yake, ulikuwa mara 129. Ukiondoa takwimu zote nyingine katika sura hii, naomba hiyo uibakize.

Kwa heroini ipo tiba. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto na kupunguza hamu, bila kumlewesha mtu aliyepimiwa kiasi chake vizuri. Kliniki ya kwanza Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Zanzibar huduma iko Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi, na imefika hadi ndani ya gereza la Shimo la Tewa. Watu husema huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mtu anayekunywa kikombe chake asubuhi, akaenda gereji kufanya kazi, akarudi kula na watoto wake, haibi betri ya mtu. Mimi hapo sioni kilevi kimebadilishwa, naona maisha yamebadilika.

Pombe na bangi hazina methadoni yake. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, na ilikuwa sahihi, kwa kuwa pombe ya shilingi mia tano mfukoni ilikuwa balaa kwa vijana. Lakini mtu aliyekwisha kuwa mraibu alihamia kwenye gongo. Huyo anahitaji ushauri nasaha wa muda mrefu na kikundi cha wenzake waliopitia hayo. Nyumba za kusaidia waraibu, zile zinazoitwa soba hausi, zimefanya kazi kubwa Zanzibar na Bara, nyingi zikiendeshwa na watu waliokuwa mateja wenyewe. Ila nyumba inayomfunga mgonjwa minyororo au kumchapa bakora haitibu, na mzazi akiiona hivyo amtoe mwanawe siku hiyo hiyo.

Mwenye sauti kichwani

Ugonjwa wa akili ni jina la pamoja la magonjwa mengi. Kwa mambo ya gerezani mawili yanahitaji maelezo. Skizofrenia ni ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli, mathalani kwamba jirani anamwekea sumu. Sonona ni huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki na miezi, inayomnyima mtu nguvu, usingizi na sababu ya kuishi. Sonona ni ya kawaida magerezani duniani kote, na huonekana kwa urahisi kama uvivu au kiburi.

Nisieleweke vibaya. Walio wengi kati ya wenye magonjwa haya hawajamgusa mtu, na mara nyingi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kubakwa. Ugonjwa wa akili peke yake unaeleza sehemu ndogo tu ya uhalifu. Mgonjwa aliyefungwa anasukumwa na yale yale yanayomsukuma mfungwa mwingine: hana kazi, hana pa kulala, marafiki zake ni wale wale. Tofauti ni kwamba kila kimoja kati ya hivyo kinakuwa kizito maradufu kwake.

Mahakama zina utaratibu kwa mtu aliyetenda kosa akiwa hajitambui kwa ugonjwa. Tanzania hupelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo chini ya hospitali ya Mirembe ambayo ilianzishwa mwaka 1927. Kenya wana wodi yenye ulinzi mkali Mathari. Lakini huko hufika wale ambao ugonjwa wao ulionekana mahakamani. Wengi zaidi hawakuonekana. Kijana aliyepasua vioo vya basi akifokeana na mtu asiyekuwepo, hakimu alimwona mkorofi, akampa mwaka mmoja.

Tuseme huyu alibahatika; ndani ya gereza mganga wa zahanati aligundua, akaanza kumpa vidonge au ile sindano ya mwezi mmoja. Sauti zikatulia. Akawa mfungwa mtulivu, mwenye tabia njema, hata nyapara akampenda. Siku ya kutoka anapewa nguo zake na nauli. Hapewi barua inayosema anaumwa nini, anatumia dawa gani na sindano ijayo ni tarehe ngapi. Nyumbani hakuna anayejua kwamba utulivu ule ulitoka kwenye dawa, kwa hiyo hakuna anayeutafutia dawa. Wiki zinapita. Anaanza kuongea peke yake usiku. Ndugu wanampeleka kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, kwa upendo wa kweli, huku zahanati yenye vidonge hivyo ikiwa vituo viwili vya daladala. Siku akimrushia jirani jiwe, wanaoitwa ni polisi.

Uraibu na ugonjwa wa akili hupenda kukaa pamoja. Anayesikia sauti huvuta bangi azinyamazishe, na bangi huzichochea. Mwenye sonona hunywa gongo apate kulala, na asubuhi sonona imezidi. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Sweden kwa watu zaidi ya 47,000 walioachiwa kati ya 2000 na 2009 ulionyesha kuwa wenye maradhi haya walirudia makosa ya fujo na kuumiza watu zaidi kuliko wenzao, uraibu ukiwa mbele, na kila ugonjwa ulipoongezeka juu ya mwingine hatari ilipanda. Kwetu kliniki ya waraibu na kliniki ya afya ya akili mara nyingi hukaa vyumba tofauti, na mgonjwa huambiwa kila upande aanzie upande wa pili.

*Kwa ufupi hadi hapa:* parole inawafikia wachache, na mraibu wa makosa madogo hayumo. Kukaa gerezani bila unga hakumtibu mraibu, na kunamfanya awe karibu zaidi na kifo akirudia. Mgonjwa wa akili aliyetulia gerezani ametulizwa na dawa, na dawa hiyo hukatika siku anapotoka.

Wiki mbili za kwanza

Sasa tuzitazame siku zenyewe. Chukua mfano wa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi rangi wa Temeke, mraibu wa heroini na mwenye sonona, anayetoka baada ya mwaka mmoja na nusu kwa wizi. Si mtu mmoja ninayemjua. Nimemuunda ili tuone njia inavyopinda.

Siku ya kwanza ni furaha. Mama amepika pilau. Majirani wawili wamekuja kusalimu, wengine wameingiza viti vyao ndani. Usiku anashindwa kulala: kitanda ni kikimya mno, na hakuna anayehesabu watu.

Siku ya tatu anaenda kwa fundi aliyekuwa akimpa kazi. Fundi anamwambia arudi mwezi ujao. Kitambulisho chake cha taifa, kile cha NIDA, kilipotea wakati wa kukamatwa, laini ya simu ilishafungwa, na bila kitambulisho hasajili nyingine. Kila anayemwomba kazi anataka namba ya simu.

Siku ya tano kaka yake mkubwa hakuiona elfu kumi aliyoiacha mezani. Kijana hakuichukua. Lakini macho ya nyumba nzima yamemgeukia, na anayaona.

Siku ya sita anapita maskani. Rafiki wa zamani anamkumbatia kwa furaha ambayo nyumbani ilikwisha siku ya pili. Anampa kete ya bure, zawadi ya kumkaribisha uraiani. Hapa pana njia mbili. Katika moja anaanguka nyuma ya ukuta, marafiki wanakimbia kwa kuogopa polisi, na kesho yake kuna msiba. Katika nyingine anaamka. Siku ya nane anahitaji kete ya kulipia. Siku ya kumi na mbili simu ya mpangaji haionekani, na safari hii ni yeye kweli.

Tazama pale ambapo mambo yangeweza kugeuka. Angetoka gerezani akiwa tayari kwenye methadoni, kete ya siku ya sita isingekuwa na nguvu ile juu yake. Angekuwa na barua ya kliniki, siku ya pili angekuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumwambia kwamba hapati usingizi. Barua ya mkuu wa gereza kwenda ofisi ya NIDA ingempunguzia wiki kadhaa za kuzunguka. Kama mjumbe wa mtaa angekuja siku ya kwanza na kumwita kwa jina lake, majirani wote wangeona. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jengo jipya.

Masharti yanayomshinda mgonjwa

Kwa walio chini ya parole au probesheni kuna namna nyingine ya kurudi jela, isiyohitaji kosa jipya: kuvunja sharti. Hukuripoti Jumatatu. Umetoka nje ya wilaya bila kibali. Umepimwa mkojo ukakutwa na dawa. Marekani mwaka 2017 takriban robo ya walioingia katika magereza ya majimbo waliingia kwa sababu ya kuvunja masharti kama hayo wakiwa chini ya uangalizi, wala si kwa kosa jipya.

Uangalizi wetu ni mdogo kuliko wa kwao, lakini tukiukuza bila kufikiri tutaingia shimo hilo hilo. Methadoni hunywewa kliniki kila siku, asubuhi, na foleni ni ndefu. Ofisa naye anataka mtu aripoti asubuhi. Mgonjwa anachagua: akose dawa apate arosto, au akose kuripoti aitwe mkaidi. Mwingine kijiji chake kiko Kilwa, masharti yanamkataza kutoka wilayani, na methadoni iko mjini, mbali na kwao. Amepewa amri mbili zisizotekelezeka pamoja.

Na mraibu kuteleza ni sehemu ya ugonjwa. Wanaopona huteleza mara moja, mara mbili, kabla ya kusimama. Ofisa mwenye busara akiona mkojo umeonyesha dawa, hupiga simu kliniki kwanza, kwa sababu huenda dozi ya methadoni ni ndogo, au huyu amekosa nauli wiki nzima. Kumrudisha gerezani kwa kuteleza ni kumkatia dawa iliyoanza kufanya kazi. Lakini akiwa ameiba au amepiga mtu, hilo ni jambo la sheria na lishughulikiwe kama kosa lolote.

Dawa inapunguza uhalifu?

Mtu anaweza kuuliza ushahidi uko wapi. Sweden wana kumbukumbu za dawa za kila raia, na huko watafiti waliwafuatilia watu 22,275 walioachiwa kati ya 2005 na 2010. Walifanya jambo la akili: badala ya kumlinganisha mtu na mwingine, walimlinganisha kila mmoja na yeye mwenyewe, miezi aliyotumia dawa na miezi aliyoacha. Katika vipindi vya kutumia dawa za skizofrenia na magonjwa ya jamii hiyo, makosa ya fujo yalikuwa pungufu kwa asilimia 42. Katika vipindi vya dawa za kutibu uraibu, pungufu kwa asilimia 52. Ni mtu yule yule, mwenye malezi yale yale na moyo ule ule tuliousema mgumu.

Sweden wana nyumba, kazi na posho ambazo sisi hatuna, kwa hiyo sitasema tutapata tarakimu hizo hizo Temeke. Vidonge pekee havimpi mtu kazi. Wanaodumu kwenye methadoni ni wale wenye nauli, mlo, na mtu anayewauliza asubuhi kama wamekwenda. Lakini tarakimu hizo zinatosha kumaliza ubishi mmoja: tiba si zawadi kwa mhalifu. Ni ulinzi wa mtaa.

Nasema hivi nikimkumbuka mama lishe aliyeibiwa sufuria zake zote usiku mmoja, mtaji wa miaka. Ana haki ya kukasirika. Ana haki ya kurudishiwa mali na kusikilizwa na bodi kabla aliyemwibia hajaachiwa. Kutaja ugonjwa hakumfutii mtu wajibu wa kuomba radhi na kulipa. Probesheni na kifungo cha nje vinafaa kwa hilo, kwa kuwa aliye nje akifanya kazi ndiye anayeweza kulipa sufuria. Anayeoza mahabusu hamlipi mtu. Na mama lishe huyo ana haki moja zaidi ambayo hatumpi: asiibiwe tena na mtu yule yule.

Kama ndugu yako anatoka

Familia nyingi hupata taarifa siku mbili kabla. Hata hizo zinatosha kwa haya:

- Nenda gerezani uulize zahanati kama anatumia dawa yoyote, jina lake, na tarehe ya dozi ijayo. Omba iandikwe. Ukikataliwa, andika mwenyewe unachoambiwa.
- Kesho yake asubuhi mfikishe kliniki. Anayetumia unga apelekwe kliniki ya methadoni iliyo karibu. Mwenye ugonjwa wa akili, hospitali ya wilaya.
- Mwambie waziwazi, bila matusi, kwamba dozi ya zamani itamuua. Kumjulisha hilo si kumruhusu.
- Ukimkuta hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, useme ametumia nini. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayomrudisha mtu pumzi, ikiwahiwa.
- Maombi na dua viendelee pamoja na vidonge. Anayekwambia uchague kimoja, mkatalie.
- Akianza kutolala, kuongea peke yake au kusema amechoka kuishi, usisubiri fujo. Mpeleke siku hiyo.

Kwa Jeshi la Magereza na Bodi za Parole ombi langu ni jepesi kutekelezwa. Mfungwa anayetibiwa asitoke bila barua ya rufaa na dawa za mwezi mmoja mkononi. Kibali cha parole cha mgonjwa kisitiwe sahihi kabla jina la kliniki yake halijaandikwa ndani yake, pamoja na saa ya kuripoti isiyogongana na saa ya dawa. Na mwenye kifungo cha miezi sita, ambaye hakuna bodi inayomjua, apewe barua hiyo hiyo.